Haya maji mbona yamelala?

Jumamosi niliongea na vijana wa kikundi chetu cha wapiga picha hapa Moshi. Wengine mvua iliwazuia, wengine walifika ila wakakaa nyuma wanachati, na sasa wote wananisumbua kwenye simu wanataka niliyosema. Basi nimekaa nimeandika vilevile nilivyoongea, na niliyoyasahau nimeyachomeka humohumo.

Shikamooni wakubwa wangu mliopo, na nyie wengine mambo vipi. Asanteni kwa kuja na hii mvua, nimewaona mlivyoshuka kwenye bodaboda na kamera ndani ya jaketi kama mmebeba kichanga.

Kwa wageni, mimi ndo yule dada wa picha za pasipoti, kaa sawa, kidevu chini, usicheke. Harusi napiga, kipaimara napiga, mahafali napiga, hizo ndo zinalipa kodi ya pango. Ila Jumapili nikitoka ibada ya kwanza napanda zangu Materuni, au nakwenda Marangu, kupiga picha za maporomoko ya maji. Mume wangu anawaambia watu nina mchepuko huko mlimani na kusema kweli pesa ninayoiacha huko inafanana na ya mchepuko.

Waliponiomba niongee wakaniambia mada ni kamera ipi nzuri kwa maporomoko. Nikacheka, maana hilo swali naulizwa kila wiki na jibu langu linawaudhi watu. Nitalijibu, msiwe na haraka, ila naanza na bibi mmoja.

Kuna kipindi nilidunduliza hela nikanunua ile filta nyeusi kabisa, ND1000, ambayo ukiifunga mbele ya lenzi huoni kitu, ni kama umefunikwa kanga usoni. Nikapanda nayo Materuni, nikasimamisha stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, nikaacha shata, yaani kile kimlango kinachoruhusu mwanga kuingia, wazi sekunde 30. Picha ikatoka mwenyewe nikajiona nimefika. Maji meupe, laini, kama shela ya bibi harusi, hakuna tone hata moja linaloonekana. Nikaiprinti kubwa, nikaitia fremu, na Jumapili iliyofuata nikambebea bibi mmoja anayekaa njiani kuelekea kwenye yale maporomoko, ambaye nikipita huwa ananipa kahawa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, umeniletea nini leo?"

Nikampa. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, miwani iko kichwani na wala hakuishusha. Akauliza hii ni nini. Nikamwambia bibi, si maji yenu hayo ya hapo chini. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Haya maji mbona yamelala?"

Nilikosa jibu jamani. Yeye pale anapokaa anayasikia mchana na usiku, anasema masika yakijaa mpaka sufuria zinatetemeka kichanjani, afu mimi namletea maji ambayo hata paka asingeamka. Picha ilikuwa kali, naikubali mpaka leo, ila yale hayakuwa maji yake. Tangu siku ile nikifika kwenye maji sijiulizi kwanza nina kamera gani mkononi, najiuliza leo haya maji nayataka yawe macho kiasi gani. Na jibu la hapo linaamuliwa na muda wa shata, na muda wa shata unaamuliwa na mwanga, kamera inakuja mwisho kabisa, kazi yake ni kukwambia utafikaje huko unakotaka kwenda.

Tupige hesabu kidogo, ni ile fizikia ya shuleni, msikimbie. Materuni ni mita kama 80 kwenda juu. Tone likijiachia kule juu lingefika chini kwa sekunde 4 hivi, na kwa kweli ni zaidi kidogo maana hewa inalikamata. Sasa mimi nimeacha shata wazi sekunde 30. Maana yake tone la kwanza limefika chini, la pili limefika, yaani maporomoko mazima yamepita mara saba yote juu ya picha moja, unategemea uone nini kama si shela? Nenda Kinukamori pale Marangu, kafupi kale, mita kama 15, pale tone linamaliza safari haijafika sekunde 2. Kwa hiyo ukimsikia mtu mtandaoni anakwambia maporomoko yote weka sekunde 1, muulize yapi, na umesimama umbali gani, sababu ukisogea karibu maji yanakata picha yako haraka na ukienda mbali yanaonekana yanashuka kwa madaha, hata kama ni yaleyale.

Kwa macho yangu mimi iko hivi. Kwenye 1/1000 ya sekunde tone zinasimama hewani kama shanga zilizokatika uzi, unaona kila moja. Hiyo inafaa maji yenye hasira, maji yanayorushwa. Ukienda Murchison kule Uganda, ambako mto Nile unabanwa upite kwenye mwanya wa mita kama 7 tu kabla haujaanguka, ukiyalaza yale maji umeyatukana. Kwenye 1/60 hapo ni pabaya, sijawahi kupapenda, maji hayajasimama wala hayajatembea, yanakuwa kama kitambaa kilichochakaa. Halafu kuanzia 1/8 mpaka nusu sekunde ndo mimi nakoishi. Pale maji yanakuwa nyuzi, unaona yanatoka wapi, yanagonga jiwe gani, yanageukia wapi, mafundo yake unayaona, mkono mwepesi na mkono mzito unautofautisha. Materuni napenda 1/4. Zaidi ya sekunde 2 ni usingizi. Sisemi usingizi ni haramu, kuna wateja wa hoteli wanataka hivyohivyo ukutani kwao, wanapewa na wanalipa, ila jua kwamba umeyalaza na umeyalaza makusudi.

Sasa mwanga.

Sisi huku tuko digrii 3 tu kusini ya ikweta. Jua letu halizungukizungukii, linapanda kama lina deni. Ule mwanga wa dhahabu wa asubuhi ambao wenzetu wa Ulaya kwa miezi fulani wanaufaidi masaa, huku ukichelewa kunywa chai umekukuta na kivuli chako miguuni. Na maporomoko yetu mengi yako ndani ya korongo, juu miti, pembeni ukuta wa mwamba, kwa hiyo jua linachelewa kuingia, likiingia linaingia la moto, mchana mchana hivi, na linaingia vipandevipande kupitia majani, unakuta mwamba una mabaka kama ngozi ya chui. Macho yako hayaoni shida. Kamera inaona shida kubwa, maana penye jua maji yanaungua yanakuwa nyeupe tupu na penye kivuli mawe yanakuwa masizi. Hiyo picha haiokoki, hata ukikaa na kompyuta mpaka usiku.

Afu mnajua kinachonichekesha ni nini, wageni wakija wakakuta mawingu wanasikitika kweli, wanaanza kumuuliza mwongozaji wao jua linatoka saa ngapi. Mimi nikiamka nikaona mawingu yamekaa mpaka huku chini mjini nashangilia. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8 mawingu hapa yanaweza kukaa mpaka mchana, kijibaridi hivi, watu wanavaa masweta, basi huo ndo msimu wangu. Mawingu yanasambaza mwanga kama shuka jeupe limetandazwa juu yako, hakuna mabaka, mawe yanaonyesha rangi yake, ule ukijani laini unaoota juu ya mawe unaonekana ni kijani cha aina tano, na muda wa shata unarefuka wenyewe bila filta.

Mnakumbuka ile kanuni ya wazee wa filamu, jua kali weka f/16, yaani tundu la lenzi libanwe, namba ikipanda tundu linapungua, na shata iwe moja gawanya kwa ISO yako, ISO ni kamera inavyohisi mwanga. ISO 100, basi f/16 kwa 1/100. Na mimi nataka 1/4 au nusu sekunde. Nifanyeje juani? ISO iko chini tayari, lenzi nimeshaibana mpaka f/16, nikiibana zaidi mpaka f/22 picha inaanza kupoteza ukali wake maana mwanga ukipita kwenye kitundu kidogo sana unatawanyika. Hapo ndo filta inaingia, ND64, ya giza dogo kuliko ile yangu ya ND1000, inakupa muda mara 64, ile 1/100 inakuwa kama sekunde 0.6, umefika. Lakini kwa siku ya mawingu mazito, chini ya miti, ISO 100 na f/11, unakuta kamera yenyewe inakwambia 1/6 au 1/4. Bure! Hujanunua kitu. Ndo maana nawaambia anayetaka kuokoa hela aamke mapema au asubiri wingu.

Filta moja tu ndo ningewaambia mjinyime mnunue, polaraiza. Ukiizungusha unaona kabisa ule mng'ao mweupe juu ya majani yaliyolowa unaondoka na kijani chenyewe kinatokea chini yake, mawe yaliyolowa yanarudi kuwa meusi kama makaa. Inakula mwanga stopu 1 mpaka 2, stopu moja ni mwanga kupungua nusu, ambazo kwetu sisi ni faida, tunataka shata irefuke. Mkishindwa kabisa ND, kuna kijana mmoja hapa, yeye anajijua, amekwenda kwa mafundi wa kuchomelea mageti akanunua kile kioo cha ngao yao ya uso, akakifunga mbele ya lenzi kwa raba za kufungia noti. Inafanya kazi. Picha yote inakuwa ya kijani kama imelala kwenye chupa, ila ukiibadilisha iwe nyeusi na nyeupe hamna atakayejua. Nilimpigia makofi.

Haya, kamera. Nimekuja na tatu, ziko hapo mezani, mtazishika baadaye, mikono mikavu tafadhali.

Hii nzito ni Zenit E, ya Kirusi, ya baba mdogo wangu, alikuwa nayo tangu anafundisha. Haina betri hata moja, kipima mwanga chake kinakula mwanga wenyewe. Angalieni hapa kwenye gurudumu la spidi, kuna 1/500, 1/250, 1/125, 1/60, 1/30, halafu inaruka mpaka herufi B. Kati ya 1/30 na B hamna kitu! Sasa mtu anayetaka 1/4 au nusu atafanyaje? Anaweka B, anabonyeza, shata inakaa wazi mpaka aachie, anahesabu kwa mdomo. Baba mdogo alinifundisha niseme "mbege" kwa kasi ya kawaida, hiyo ni kama nusu sekunde, na "mbege moto" ni kama sekunde. Nimepiga roli nzima nikiwa nanong'ona mbege, mbege, mbege pembeni ya mto, watu wakipita na mitungi wananisalimia kwa tahadhari. Kubonyeza na kidole kunatikisa, tumia ule waya wa kufyatulia, na stendi iwe nzito.

Filamu ina raha yake, una picha 36 basi, huwezi kupiga mia tatu ukachagua moja, kwa hiyo unakaa unayaangalia maji kwanza. Filamu ya negativu inasamehe mwanga ukizidi kidogo, ile nyeupe ya maji inashuka taratibu haikatiki ghafla kama ya dijitali. Ubaya wake kusafisha. Kuna studio moja mjini, sitaitaja, niliwapelekea roli mbili za masika wakaniambia njoo Ijumaa, nimekwenda Ijumaa nakuta dawa iliharibika, roli zote zimetoka rangi ya chai ya rangi. Nililia. Masika yale hayarudi.

Hii ya pili ndo ya kazi, ya harusi, mnaijua. Hii inafanya yote na sina hadithi nayo ndefu. ISO 100, f/8 mpaka f/11, piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, taima ya sekunde 2 ili kidole chako kiwe kimeshatoka, fokasi weka kwenye jiwe usiweke kwenye maji maana maji yataizungusha lenzi kama inatafuta funguo. Kitu kimoja tu cha kuangalia. Kamera inapoangalia korongo inaona mwamba mweusi mwingi na kamstari keupe ka maji katikati, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na maji yanaungua. Kwa hiyo shusheni mwanga, toa 0.7 au stopu 1 nzima, halafu washa ile alama ya kuwaka na kuzima kwenye sehemu zilizoungua. Maji yakipepesa macho kwenye skrini, shusha tena. Mawe utayanyanyua nyumbani, ila maji yaliyoungua hamna kitu ndani yake cha kunyanyua.

Kamera za siku hizi zinatuliza mtetemo zenyewe ndani, nimeshika ya rafiki yangu nikapiga nusu sekunde bila stendi na picha ikatoka imekaa. Nilimrudishia haraka kabla sijaanza kuwaza mabaya.

Ya tatu simu. Na hapa naomba tusikilizane maana wengi wenu mna simu tu na mnajidharau bure. Kwa nini simu ikipiga maporomoko mchana maji yanaganda? Kwa sababu tundu la lenzi ya simu nyingi halibanwi, limewekwa kiwandani liko wazi, f/1.8 hivi, basi. Juani njia pekee ya simu kupunguza mwanga ni kukimbiza shata, inakwenda 1/2000 huko na ushee. Mtu anaingia kwenye Pro, pale kwenye kamera ya simu unapopanga kila kitu mwenyewe, anaweka 1/4, picha inatoka karatasi nyeupe, anasema simu yangu mbovu. Simu siyo mbovu, umeipeleka muda mbaya. Ipeleke saa 12 na nusu asubuhi korongo likiwa bado na kiza, au siku ya mawingu chini ya miti, weka Pro, ISO ya chini kabisa ambayo simu inayo, shata 1/8 mpaka 1/4, iegemeze juu ya jiwe na kandambili chini yake isiteleze, taima ya sekunde 3, uone. Wenye iPhone tangu ile toleo la 2017 la programu yao, ukipiga ile picha inayotembea, Live, unaweza kuifungua na kuigeuza iwe ya shata ndefu, simu inazipanga fremu za zile sekunde chache juu ya nyingine. Inakata kingo kidogo na haichagui, inayalaza tu maji yote, ila mchana wa jua inakutoa. Na simu zote, ya aina yoyote, gusa yale maji kwenye skrini, shikilia mpaka ijifunge, halafu vuta mwanga chini. Hilo peke yake litawatofautisha na nusu ya wanaopiga pale.

Niseme ukweli mwingine. Ile picha yangu iliyowekwa kwenye kalenda, mnaipenda ile, ya Kinukamori na ukungu, nimepiga na simu. Kamera ya kazi nilikuwa nayo begani, nimeitoa, imejaa ukungu ndani na nje sababu niliitoa kwenye gari yenye AC nikaingia nayo moja kwa moja kwenye unyevu. Ilichukua nusu saa kukauka na ukungu haukunisubiri. Siku hizi begi naliacha limefungwa pembeni ya maji dakika 20 kamera izoee kwanza, mimi nasalimia watu.

Kuna aliyeandika swali kwenye karatasi, anataka kujua upinde wa mvua unapigwaje. Upinde siyo bahati, ni kona. Jua liwe mgongoni kwako, angalia kivuli cha kichwa chako kimeelekea wapi, upinde unakaa digrii 42 kuzunguka kile kivuli. Basi. Kama jua limepanda zaidi ya digrii 42 na wewe umesimama chini unaangalia juu kwenye maji, hautauona hata ukifunga na kuomba, upinde umeshazama chini ya usawa wako. Ila kama umesimama juu, rasharasha ziko chini yako, unauona hata mchana. Ndo maana Victoria Falls watu wanaupata kirahisi, unasimama ukingoni mwa korongo, maji yanaanguka mita 108 mbele yako, upana mita 1,708, na rasharasha zimejaa bonde zima. Wenyewe wanaiita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na mosi hiyo ni moshi huuhuu wa kwetu, kwa hiyo sisi wa Moshi pale ni kama tuna shamba la urithi. Usiku wa mbalamwezi kamili kuna upinde wa mwezi pale, macho yanauona kama utepe wa kijivu, kamera ukiiacha wazi sekunde 15 au 20 inakuonyesha rangi zote. Sasa hapo maji yatalala na mimi sitasema kitu, usiku hata maji yana haki ya kulala. Na angalizo, ile polaraiza niliyoisifia inaweza kuufuta upinde wote, ukiizungusha izungushe ukiwa unauangalia.

Rasharasha. Lenzi ikilowa tone moja katikati picha yote ina doa, na kwenye skrini ndogo hulioni, unaliona nyumbani. Nina picha 24 za Sanje kule Udzungwa, mita 170 za maji zinashuka na jasho la kupanda lote lile, zote zina doa lilelile juu kushoto kama muhuri wa serikali. Siku hizi nafuta, napiga, nafuta, napiga, vitambaa vinne vikavu mfukoni, hata kama naona lenzi ni kavu nafuta. Kamera yenyewe zamani tulikuwa tunaivalisha mfuko wa rambo, mifuko imepigwa marufuku 2019, natumia ile kofia ya kuogea wanayokupa gesti, inakaa vizuri kuliko hata rambo. Stendi usiiweke katikati ya mto ukadhani maji ya magotini hayana nguvu, yanaitikisa, maji yatakuwa makali na mawe yatakuwa yametetemeka, kichekesho.

Na hili nalisema bila utani. Mvua inaweza kupiga kule juu msituni na wewe chini uko juani unaangalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini. Ukiona maji yamebadilika rangi kuwa kahawia, yameanza kubeba majani na vijiti, sauti imenenepa, acha stendi, toka. Usirudi kuchukua filta. Stendi inanunulika.

Nirudi kwa bibi nimalizie. Nilikaa mwezi mzima nikaona aibu kupita, halafu siku ya mawingu nikashuka nikapiga 1/4, f/11, nikaiprinti size ndogo tu ya albamu nikampelekea bila fremu. Mara hii miwani akaishusha. Akaangalia muda mrefu. Hakusifia, msidhani alisifia. Aliweka kidole kwenye kona ya chini akasema, "Hili jiwe, hapa ndipo tulikuwa tunafulia, mama yangu alikuwa anakaa upande huu." Akaanza kunionyesha nani alikuwa anakaa wapi. Kwenye ile ya sekunde 30 lile jiwe lilikuwa limemezwa na ukungu mweupe, halipo. Nimelipiga miaka na sikuwahi kuliona kama jiwe la mtu.

Halafu akaniuliza, "Na mimi je, utanipiga lini na maji yangu?"

Tukashuka naye taratibu, mjukuu wake kamshika mkono, mimi nimebeba kigoda. Tatizo mnaliona tayari, maji nataka 1/4 na mtu kwenye 1/4 anatikisika, hata kupumua kunaonekana. Harusini ningepiga flashi. Pale nilimwambia tu bibi kaa kama zile picha za studio za zamani, usipepese. Jamani yule mama alikaa! Mikono magotini, macho mbele, pumzi kaifunga. Nimepiga fremu sita na tano ziko kali mpaka nyuzi za kitenge unazihesabu, na nyuma yake maji yanashuka yako macho kabisa. Wanamitindo ninaowapiga mjini hawawezi hata fremu moja, wanaangalia simu.

Ile picha iko kwake sebuleni. Ile kubwa ya kwanza kaitundika pia, ila chumba cha wageni.

Sasa Jumapili wiki ijayo tunapanda wote. Tunakutana saa 11 na nusu alfajiri pale stendi, daladala nimeshaongea na mwenye nayo. Mwenye simu alete simu, mwenye kamera alete kamera, gambuti kila mtu, na vitambaa vya kufutia mje navyo vyenu maana vyangu mwaka jana havikurudi. Drone msije nazo, zile zinataka kibali cha mamlaka ya anga na sina mpango wa kumtoa mtu polisi siku ya Bwana. Na pesa ya kiingilio ya kijiji mje nayo mkononi, chenji huwa hamna. Tukipita kwa bibi tunasalimia wote, shikamoo ya kueleweka, siyo ile ya kutupa kwa dirishani.